Goti la Mwanamkasi

Mwanamkasi binti Mwinyijuma aliishi miaka hamsini na ushei bila mtu hata mmoja kumsikia akisema anaumwa. Sisemi hivi kwa kumsifu. Nasema kwa kuwa yote yaliyotokea mwaka 1956 yalianzia hapo, na tunaoyakumbuka tumebaki wawili, na huyo mwenzangu siku hizi hata jina langu kalisahau.

Alikuwa mkunga, hapa hapa mtaa wa Usagara, katika nyumba ya makuti yenye baraza ndefu. Nusu ya watoto wa mtaa ule waliangukia mikononi mwake, wangu wawili wakiwamo. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, buibui lake limefuliwa hata likawa rangi ya majivu, na goti la kulia limevimba kama fenesi changa. Goti lile lilimtesa tangu ujana wake, alipoteleza kisimani na ndoo kichwani. Ungemsikia kabla hujamwona: hatua moja nzito, moja ya kuburuza. Ukimwuliza, "Goti linaendeleaje, Bi Mwanamkasi?" anakujibu, "Alhamdulillahi, nafuu ipo." Miaka nenda miaka rudi nafuu ipo, na goti liko pale pale.

Tulilelewa hivyo. Mtu anayekujulia hali hummwagii maumivu yako miguuni. Na aliyekupa dawa, hata kama ni maji ya kuoshea mchele, unamwambia imekufaa, unamshukuru Mungu, unamshukuru na yeye, kisha ukirudi ndani ndiko ukalie. Kusema "sijapona" mbele za watu ilikuwa kama kumnung'unikia Mola na kumvunja uso aliyekuuguza, yote kwa mpigo mmoja. Waliotoka bara walikuwa wakitushangaa. Fundi Fanueli, Mbondei aliyekuwa akitengeneza simu za reli na aliyepanga nyumba ya mume wangu, alipenda kututania kwamba ukitaka kujua mtu wa pwani anakufa usimwulize mwenyewe, nenda kamwulize jirani.

Lakini uongo, Mwanamkasi hakuujua. Watu wakigombania ukuta au mnazi, walimwita yeye aseme aliyoyaona, na akishasema ugomvi umekwisha. Kwake mambo hayo mawili hayakukorofishana hata siku moja. Adabu ni adabu na uongo ni uongo.

Hakuzaa. Alimlea Asmahani, mtoto wa marehemu mdogo wake, tangu akiwa wa siku arobaini. Asmahani alimwita mama mkubwa mbele ya watu, na mama wakiwa wenyewe. Alipotimiza miaka kumi na tisa akaanza kukohoa. Tukadhani ni baridi, tukadhani ni vumbi la njiani, mpaka alipokonda mabega yakachomoza kama henga ya nguo. Mwanamkasi hakungoja zaidi, akampeleka hospitali, kule upande wa bahari, njia ya Raskazone. Wakampima, wakasema ni kifua kikuu, wakamwanzishia sindano za kila siku. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa pale, aliyezaliwa kwa mikono ya Mwanamkasi alimweka kando akamweleza: msikatize hata mkimwona mzima, kwa sababu mkikatiza dawa itachoka na ugonjwa hautachoka.

Basi kila asubuhi niliwaona wakitoka, Mwanamkasi na mwavuli wake, binti kando yake. Mwendo wote ule kwa goti lile. Sindano zilimletea Asmahani uvumi masikioni, alisema ni kama nyuki waliofungiwa mtungini, lakini kikohozi kilipungua na mashavu yakaanza kurudi. Mwezi wa tatu wa sindano ikaletwa posa, kutoka kwa watu wema wa Pongwe. Asmahani akafurahi, na hapo hapo akaingia woga. Hakutaka wakweze wasikie kwamba mchumba wa mtoto wao anashinda foleni ya wagonjwa wa kifua.

Ndipo akaja Miraji.

Alitoka Mombasa, au alisema hivyo. Mtu mnene, laini, kanzu safi na juu ya kanzu koti jeupe la kidaktari, jino moja la dhahabu, nywele zinameta mafuta hata nzi hatui. Alikodi chumba cha mbele nyumba ya tatu kutoka kwa Mwanamkasi, akatundika ukutani cheti cha Kizungu ndani ya kioo, na juu ya meza akaweka sanduku lake. Lilikuwa la mbao zilizopigwa vanishi, limevikwa kitambaa cha kijani. Kwa mbele zilitoka nyaya mbili zenye vishikio vya shaba, na ubavuni kulikuwa na mkono mdogo wa kuzungushia. Ukishika vile vishikio naye akauzungusha ule mkono, unahisi siafu laki wanakupanda mpaka begani, na vidole vinajikunja bila amri yako. Hapo Miraji hupaza sauti kwa walio nje: "Mnaona? Umeme unautafuta ugonjwa!"

Na ugonjwa gani usiotafutwa? Baridi yabisi, pumu, ngiri, bawasiri, utasa, macho ya ukungu, nguvu za kiume, kifafa, kifua. Ugonjwa ambao hakuutaja ni njaa, na huo yeye hakuwa nao. Watu walikaa foleni barazani tangu alfajiri: mwenye kidonda, mwenye upele, mwenye kukohoa. Wote walishika vishikio vile vile viwili. Kati ya mtu na mtu Miraji alivipangusa kwa kitambaa kimoja alichokuwa akikitia mfukoni, na kitambaa hicho hicho akajifutia jasho la shingo. Kisha analamba kidole, anafunua daftari, anaandika jina la mgonjwa na maneno aliyoyasema. Nimezeeka, nimeosha maiti wengi kwa mikono yangu wala sikutikisika. Nikikumbuka kile kidole akikilamba, mate yananijaa kinywani.

Hakuwa mjinga. Wiki ile ya kwanza aliuliza ni nani katika mtaa huu ambaye akisema, watu wanasadiki. Wakamwelekeza. Akaja kwa Mwanamkasi na sahani ya halwa, akaamkia shikamoo hali ameinama, akasema kasikia sifa zake tangu yuko Mombasa na hawezi kukaa jirani na mama kama huyu bila kumhudumia. Hakutaka kitu, baraka zake tu. Mwanamkasi hakuwa na hamu na masanduku, lakini mgeni ni mgeni.

Alasiri akaenda, nami nikamshika mkono. Miraji akamkalisha kiti cha mto, akapiga magoti mbele ya baraza zima, akamfunga vile vishikio kwenye goti kwa kitambaa kilicholowa maji ya waridi. Akazungusha. Nikauona mguu wote ukiruka kama samaki sakafuni. Mwanamkasi aliuma mdomo na hakutoa sauti. Kisha Miraji akamwuliza, taratibu, ili kila mtu asikie:

"Sasa unajionaje, mama?"

Watu wasiopungua thelathini walikuwa wakimtazama.

"Alhamdulillahi," akasema Mwanamkasi. "Nafuu ipo."

Kidole kikalambwa, daftari likafunuliwa. Mwanamkasi alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, basi akatia jina lake hapo chini, kwa mkono mzuri kabisa. Yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya herufi za Kizungu, nazo hakuzijua.

Njiani nikamwuliza kama kweli limempa nafuu.

"Goti linauma kuliko asubuhi," akasema. "Na meno yananiuma, sijui kwa nini."

"Mbona umemwambia vile?"

"Sabiha, mtu kaniletea halwa. Kapiga magoti mbele za watu kanifunga mguu kwa mikono yake. Ulitaka nimtukane?"

Nami sikuona kosa. Hilo nalikiri. Ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo.

Baada ya siku chache goti lilivimba hata hakuweza kukanyaga. Asmahani akasema asijisumbue, njia anaijua, atakwenda sindano peke yake. Kila asubuhi akaondoka na mwavuli, kila adhuhuri akarudi. Mwanamkasi akimwuliza, anasema nafuu ipo. Kajifunza wapi? Kwake yeye.

Wakati huo vikaanza kuzagaa vikaratasi. Miraji alikwenda kuvipigisha chapa, vyekundu, akavigawa sokoni, stesheni, mpaka mashamba ya mkonge. Nilipata kimoja kimefungiwa karanga. Nikakisoma nimesimama njiani, nikakikunja, nikakificha kifuani, na sikujua nifanye nini nacho. Nilijiambia si kazi yangu kumchokoza mama wa watu na goti lake. Hivyo nikanyamaza siku nane, na hizo siku nane ni zangu, sina wa kumpa.

Siku ya tisa yule dresa wa hospitali alikuja kwa baiskeli baada ya kazi. Akabisha hodi kwa Mwanamkasi, akaamkia, akauliza kwa upole Asmahani amesafiri kwenda wapi, maana huu ni mwezi na siku kadhaa hawajamwona. Nilikuwapo ninatwanga.  Mwanamkasi aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia chumba cha binti, akatoka na leso iliyokuwa chini ya mto. Ilikuwa imekakamaa. Nyekundu iliyokauka huwa kahawia, nyinyi mnajua.

Asmahani aliporudi, vipuli vyake vya dhahabu havikuwa masikioni. Mwanamkasi hakumpigia kelele. Alimwuliza tu alikuwa akienda wapi na mwavuli ule.

"Kwa Bwana Miraji," akasema Asmahani. "Ana mlango wa nyuma."

"Nani alikwambia sanduku lile linatibu kifua?"

Binti akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe.

"Wewe, mama. Kila mtu anasema ni wewe. Hata karatasi imesema. Na mimi tangu uninyonyeshe maziwa ya mbuzi sijakusikia ukisema uongo."

Hapo nikatoa kile kikaratasi kifuani. Mwanamkasi akaniambia nisome, nami nikasoma. Kiliandikwa kwamba Bi Mwanamkasi binti Mwinyijuma, mkunga mashuhuri wa Usagara, alikuwa kiwete wa miaka thelathini. Kwamba baada ya kushika umeme mara moja aliinuka akaenda kwa miguu mpaka Pongwe akarudi siku ile ile. Kwamba ameona kwa macho yake wenye kifua kikuu wakipona kwa siku saba bila sindano za kuua masikio. Na kwamba yeye mwenyewe anawaasa kina mama wasiogope.

"Soma tena hapo pa sindano."

Nikasoma tena.

"Hayo kasema nani?"

"Hapa imeandikwa ni wewe. Na chini wametia sahihi yako, ya Kiarabu, kama ulivyoiandika."

Akachukua karatasi, akaitazama ile sahihi. Hakulia. Akamwambia Asmahani kesho kabla jua halijapanda watakwenda hospitali kwa gari la ng'ombe, na baada ya hapo yeye ana shughuli barazani kwa Miraji. Mimi nikamtafuta Fundi Fanueli nikamwomba awepo. Fanueli alikuwa keya, askari wa Mwingereza, wakati wa vita, alifika mpaka Burma, na mambo ya nyaya hakuna wa kumdanganya.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, baraza limejaa. Mwanamkasi alikuja kwa fimbo, watu wakampisha na kumwamkia. Miraji akainuka kwa furaha, akadhani kaletewa ushahidi mwingine.

"Karibu mama yangu. Waambie hawa goti linaendeleaje."

Mwanamkasi alibaki amesimama.  Wanaojua namna tulivyolelewa wataelewa kilichokuwa kikimkwama.

"Linauma," akasema. "Liliuma siku ile nilipokaa kiti hiki, liliuma zaidi nilipoinuka, na linauma sasa hivi. Sikupona. Pongwe sijakwenda kwa miguu tangu kabla ya vita. Nilisema nafuu ipo kwa heshima ya mgeni, na heshima hiyo imemwondoa mwanangu kwenye sindano, anatema damu."

 Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alijifunika uso kwa buibui, kana kwamba Mwanamkasi kavua nguo njiani. Na ndivyo ilivyokuwa hasa. Miraji peke yake hakuona haya. Alitabasamu lile jino likang'aa.

"Mama, hayo maumivu ndiyo dalili njema. Ugonjwa unatoka, lazima uage. Ukiongeza mara tatu tu..."

Hebu tazameni. Ukipata nafuu, ni sanduku. Ukizidi kuumwa, ni sanduku hilo hilo linafanya kazi. Ukifa, bila shaka hukurudi mara ya nne.

Fanueli akasogea mbele, akasema mgongo wake mbovu tangu vitani, naye anaomba ashike. Miraji akafurahi kubadilishiwa mazungumzo. Akazungusha, Fanueli akatulia, vidole vikajikunja, na uso wake ukaanza kucheka wenyewe. Akaachia vishikio, na kabla Miraji hajamzuia akaondoa kile kitambaa cha kijani na kulipindua sanduku. Chini yake, kwenye chuma, kulikuwa na mshale mdogo kama unyayo wa kuku, alama waliyokuwa wakiigonga kwenye mali ya jeshi la Mwingereza.

"Jamaa zangu," akasema Fanueli, "hii ni simu ya mdomo, ya kuzungumzia vitani, nusu yake. Huu mkono ni wa kupigia kengele. Nimeibeba mgongoni Burma nzima. Tulikuwa tukiwashikisha makuruti nyaya hizi kwa mzaha, waruke. Ingekuwa dawa, kikosi chetu kisingezika mtu."

Watu wakacheka, wengine kwa sauti mpaka wakashikana mabega. Miraji akafunika sanduku lake pole pole akasema elimu imeendelea tangu vita, fundi wa simu atajua nini katika utabibu. Akaingia ndani. Nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Magharibi nilipokwenda kuteka maji niliwaona watu wanne kwenye mlango wa nyuma, wakiwa na zamu zao. Wawili kati yao walikuwa wamecheka mchana kuliko wote. Mmoja aliniambia, bila hata kuona haya, kwamba keshalipia mara saba na hii ni ya sita. Kinyaa nilichokuwa nikimwonea Miraji kikatugeukia sisi sote, mtaa mzima, na hakijanitoka vizuri mpaka leo.

Akakaa siku tatu nyingine, akafunga mizigo, akaenda zake upande wa Muheza na mafungu ya vikaratasi vyake. Hakuna aliyemshitaki. Nani aende kusema mbele ya karani kwamba alishika simu ili apate mtoto?

Asmahani alirudi kwenye sindano, naye hakukosa hata siku moja. Lakini dawa ilikuwa imechoka, kama dresa alivyosema. Watu wa Pongwe walituma salamu nzuri za kuvunja posa. Alifariki mwezi wa Rajabu mwaka uliofuata, masikio yake yakivuma nyuki mpaka dakika za mwisho, na Mwanamkasi akamwosha mwenyewe, hakutaka tumsaidie.

Siku ya tatu ya matanga wanawake walipoingia kumjulia hali, akawajibu, "Hali mbaya. Goti linauma, na moyo unauma." Walitazamana. Wengine walisema msiba umemharibu akili. Akaendelea hivyo hivyo miaka kumi na minne aliyobaki duniani, ukimwuliza anakwambia, na wako waliokuwa wakipita njia nyingine ili wasimwulize.

Vile vikaratasi vilidumu kuliko Miraji mwenyewe. Viliendelea kuzunguka mashambani huko, na jina la Mwanamkasi na sahihi yake. Juzi kijana wa bajaji kanipa kingine, cha bangili ya sumaku inayotibu sukari na presha, kina picha ya mzee anayecheka. Nilichokitafuta ni jina la huyo mzee. Halikuwapo. Angalau Miraji alikuwa akiiba majina ya watu wa kweli.

Siku moja, labda miaka mitano baada ya maziko, alikuja mwanamke kutoka Pangani na mtoto mgongoni anayekohoa. Alikuwa na kile kikaratasi chekundu, kimekunjwa hata kimetoboka. Alikuwa akimwuliza kila mtu nyumba ya mkunga aliyeponywa na umeme, ili ajue yule bwana yuko wapi sasa. Nikamleta barazani. Mwanamkasi akamsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha maji. Kisha, yeye aliyetufunda sote sitara, akapandisha kanga yake mpaka juu ya goti, hapo hapo barazani wanaume wakipita.

"Lishike," akamwambia.

Mwanamke akasita, akaweka mkono. Goti lilikuwa la moto, kubwa, gumu.

"Umeshika? Haya, inuka. Hospitali si karibu, na mimi natembea pole pole."

Akachukua fimbo na ule mwavuli wa zamani, wakaondoka. Nikamsikia mpaka walipopinda kona, hatua moja nzito, moja ya kuburuza.